Mzee Mwakibete na Soya Ndefu

"Jembe la mkono na samadi ya mbuzi! Hiyo soya utaivuna au utaizika?" alicheka Mzee Mwakibete, tajiri wa maksai.

"Tungoje mavuno, baba," alijibu Sekela. "Tuone nani atajaza madebe mengi."

"Nikishinda, shamba lako nalichukua. Ukishinda, maksai wangu watakulimia miaka mitatu."

Mashamba yao yalipakana na yalilingana ukubwa. Mwakibete alilima kwa maksai, akamwaga mfuko wa mbolea ya urea. Kila Sekela alipopita, alisimama akajipima na soya ya mzee.

"Soya yako inanifika magotini tu, baba. Urea imeisha dukani?"

Mzee akamwaga mfuko wa pili.

"Sasa imefika kiunoni. Ya mjomba wangu ilifika kifuani."

Mzee akamwaga wa tatu. Soya yake ikarefuka mpaka ikalala chini.

Walipovuna, Sekela alijaza madebe sita. Mwakibete hakujaza hata mawili.

Asubuhi iliyofuata mzee alikuja na maksai, akabisha hodi kwa Sekela.

"Binti, ulijua urea nyingi huzaa majani matupu?"

"Nilijua, baba," Sekela alisema mlangoni. "Lakini wewe ulisikiliza habari za urefu tu. Habari za maganda yenye mbegu hukuniuliza hata siku moja."