Leseni Moja, Makocha Watatu

Hapo zamani, na msidhani ni enzi za wanyama kusema. Ni zamani ya juzi tu, simu zilikuwepo. Katika kijiji kimoja juu Mbulu, kwenye baridi ya kung'ata masikio, watu watatu walifundisha watoto kukimbia.

Wa kwanza Mama Fabiola. Kwa miaka ishirini alichagua wakimbiaji kwa kuwatazama tu wakirudi malishoni, na jicho lake halikumdanganya. Mafunzo ya ukocha hakuwahi kuyaona. Alikuwa na sheria moja: anayekimbia hanywi maji mpaka avuke mstari. "Maji yanakata pumzi," alisema. Kwa baridi ile, hakuna mtoto aliyewahi kuanguka.

Wa pili Lohay, yatima aliyelelewa na mama huyohuyo. Alikwenda kusomea ukocha, akafaulu, akarudi na cheti. Alijua mapigo ya moyo, alijua joto la mwili, na alijua kuwa ile sheria ya maji ni kosa. Alinyamaza.

Wa tatu Tarmo. Alikwenda mafunzoni mara mbili, na mara mbili mtihani wa kuandika ukamshinda. Kazi yake ilikuwa kukimbia pamoja na mtoto wa mwisho, asijione mpweke. Mimi huyu nampenda, lakini nisiwaharibie hukumu.

Siku moja akaja mkaguzi wa chama cha riadha, viatu vinang'aa, vumbi la kwetu likamkaribisha. Akasema, "Tangu sasa asiye na leseni hafundishi mtoto. Kijiji kimoja, leseni moja. Cheti ni cha darasani. Leseni nampa nitakayemwona anafaa kazini."

Mtihani ukawekwa Magugu, kule chini kwenye jua kali: watoto wetu wakimbie kilomita kumi, kila kocha na kituo chake njiani. Atakayekiacha kituo amejitoa. Wote watatu waliogopa, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi nyingine ya kupenda.

Natalia, binti wa miaka kumi na tano, alitangulia. Njiani watazamaji walimwambia anywe maji, akakataa kama alivyofundishwa. Alipopita kituo cha Mama Fabiola watu walishangilia, mama hakushangilia. Aliona miguu inayumba na jasho limekauka. Akamwita asimame, mtoto hakusikia. Akapiga simu kituo cha mbele: "Tarmo, mdake huyo, anaanguka!"

Tarmo hakuuliza. Aliacha kituo, akamkimbilia, akamdaka kabla kichwa hakijagonga barabara. Akambeba mgongoni, mbio, mpaka kwa Lohay kwenye mstari wa mwisho.

Watu wakapiga kelele: "Msimamisheni! Mtembezeni!" Lohay akawasukuma. Akamlaza kivulini, akammwagia maji mwili mzima, akamwekea vitambaa vibichi shingoni na kwapani, akampepea. Maji ya kunywa hakumpa mpaka alipozinduka. Natalia akafumbua macho, akauliza, "Nimekuwa wa ngapi?" Wakubwa wote wakalia, na mkaguzi naye akajifanya anafuta vumbi.

Kisha akatoa ile leseni na kalamu. "Semeni wote watatu, hata aliyeacha kituo."

Mama Fabiola akasema, "Ni mimi niliyeona. Nyote mlikuwa mnapiga makofi. Lakini aliyemkataza maji ni mimi pia, na sitalificha."

Lohay akasema, "Ni mimi niliyemrudisha. Bila mafunzo, tungekuwa tunalia kilio kingine sasa. Lakini nimeijua hatari hii miaka miwili. Ningeanzaje kumkosoa mama aliyenilea?"

"Ungeanza na 'shikamoo'," Mama Fabiola akamjibu, machozi yakimtoka. "Ningekufokea, mwanangu, halafu ningesikia."

Tarmo akasema, "Ni mimi niliyembeba. Kituo nimekiacha, bwana mkaguzi, na kesho ningekiacha tena. Lakini kumbeba najua, kumponya nisingejua. Ningekuwa peke yangu, angenifia mgongoni."

Mkaguzi akaishika kalamu. Wawili kati ya hawa wangekuwa watazamaji tangu siku ile, maisha yao yote. Jina la kuandika likamshinda, akatugeukia sisi.

Nami nawageukia ninyi. Aliyeona lakini alikataza maji, aliyejua lakini alinyamaza, na aliyebeba lakini hakujua kutibu: mtoto wako mwenyewe akikimbia kesho kwenye jua la Magugu, leseni hiyo ungemwandikia nani?