Zamu ya Fundi Shekue

Hadithi inabisha hodi! Mwasemaje? Ikaribie! Haya, na wewe Mwanaate acha kuchokora mkeka, usikie.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na mji mdogo, Kitopeni. Mitaa miwili, ngoma mbili. Mtaa wa Juu mpigaji wao Fundi Shekue. Mtaa wa Chini, Mwinyihija. Jumbe wao, mtu wa kuudhiwa na kila kitu, akachoshwa na kelele. Akatoa amri:

"Kesho zishindane uwanjani. Moja ipige, ikimaliza zamu yake, nyingine ijibu. Itakayoshindwa kujibu naichoma, na mtaa wake hausikii ngoma tena. Hata harusini!"

Amri ikamfikia Bi Mize wa Mtaa wa Chini. Bintiye anaolewa keshokutwa. Amtoe mwanawe nyumbani kimya kimya, kama mwizi?

Asubuhi zikaanza. Hii ikalia, ile ikajibu. Ikalia, ikajibu. Zamu ya Shekue ilipofika, Mwinyihija akaipasha ngoma yake motoni, ngozi ikaze.

"Itoe, inatosha," akasema Bi Mize.

"Bado kidogo."

Kupenda sifa, wajukuu zangu!

"Itoe!"

"Bado kido—"

Paa! Ngozi ikapasuka katikati. Jumbe akatabasamu. Kilichobaki ni Shekue kumaliza zamu yake tu.

Shekue aliona. Akaendelea kupiga.

"Mchinjeni mbuzi wa harusi!" Bi Mize akapiga ukelele. Wakachinja, wakachuna, wakaparua manyoya, wakawamba. Lakini ngozi mbichi hailii, mpaka ikauke, na jua siku hiyo lilikuwa vivu, nami nasema lilifanya makusudi. Shekue akapiga. Adhuhuri ikapita, akapiga. Vidole vikatoka damu, akapiga.

"Inatosha, Shekue!" Jumbe akafoka.

"Zamu yangu sijaimaliza, Jumbe. Amri ni yako mwenyewe."

Alasiri, Mwinyihija akaigusa ngozi kwa kidole. Ikaitika. Ndipo Shekue akaondoa mikono, na ngoma ya Mtaa wa Chini ikajibu. Bi Mize akalia mbele za watu, wala hakuona haya. Jumbe akaondoka bila kuaga.

Watu wa Mtaa wa Juu wakamvaa Shekue. "Ulikwisha shinda! Kwa nini?"

"Ningeshinda leo," akasema, "kesho nikipiga, nani angenijibu?"

Basi wanangu, shindaneni mtakavyo, ila msimwombee mwenzenu anyamaze. Kisa nimekitua hapa. Akibebe mwenye mabega.