Ukuta wa Asili

Parokia ile ilikuwa na majengo matatu ya zamani yaliyowekwa chini ya hifadhi: kanisa, ghala la nafaka lililokuwa nyuma yake, na nyumba ya mwashi mmoja mzee aliyejulikana na wote kwa jina la Timazi. Jina hilo alilipata kutokana na ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi huning'iniza kupimia unyoofu wa ukuta, kwa kuwa kuta zake hazikuwahi kupinda hata unywele. Kwa miaka arobaini watu walimwendea kuuliza, naye akawajibu. Yeye mwenyewe hakuwa na desturi ya kumwuliza mtu chochote, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Nyumba yake ilijengwa na marehemu baba yake kwa mawe na chokaa. Mlango wa mbele ulikuwa na tao la mawe kumi na moja, yaliyochongwa yakakaliana hata wembe usingepenya kati yake. Timazi alijenga kuta nyingi maishani, lakini hakuna aliyoipenda kama alivyolipenda tao lile la baba yake. Sasa ufa ulikuwa umeanza juu yake, mwembamba kama uzi, ukapanuka mpaka kidole kikaingia.

Ndipo ikaja barua kutoka ofisi ya hifadhi. Katibu wa parokia aliileta mwenyewe, akaisoma kibarazani mbele ya Timazi na mkewe: "Mmiliki anaruhusiwa kuziba ufa kabla ya mvua, mradi atumie vifaa vya asili pekee."

"Umesikia, Fundi? Vya asili," katibu akasisitiza.

"Nimesikia," Timazi akajibu, akaikunja barua kama mtu aliyeelewa barabara.

Wapi! Siku nzima neno lile lilimzunguka kichwani kama nzi. Asili ipi? Dawa za asili ni majani na mizizi. Nywele za asili ni zile zisizotiwa dawa. Na mtu akiulizwa asili yake hutaja walikotoka babu zake, nao babu zake Timazi walitoka bonde la pili, mwendo wa siku mbili. Je, alitakiwa akachimbe mawe huko? Hakujua ashike lipi aache lipi. Alijikuna kichwa mpaka kofia ikahamia sikioni.

"Si umwulize yule afisa wa hifadhi?" mkewe akamwambia. "Kila Jumatano anakaa ofisi ya parokia saa mbili nzima, anapiga miayo."

"Mimi nikamwulize binti wa juzi habari za ukuta?"

"Si habari za ukuta, baba watoto. Habari za neno."

"Neno lenyewe ni la ukuta."

"Haya. Wewe ndiye fundi," mkewe akasema, akarudi jikoni kwake.

Jumatano ilipofika, Timazi alipiga moyo konde akaenda. Afisa, msichana mwenye miwani na viatu vya vumbi, alimpa kiti na kumwuliza kama ana jambo. Timazi akafungua kinywa. Mara akamwona katibu kwenye meza ya pembeni, kalamu imesimama, masikio wazi. Akageuza maneno.

"Nilikuwa napita tu, mwanangu. Habari za kazi?"

Habari za kazi zilikuwa njema. Timazi akaaga. Katibu alipomsindikiza hadi kizingitini, Timazi alimtupia swali kwa ujanja, kana kwamba anampima: "Hivi wewe, kwa mawazo yako, asili ni nini?"

Katibu naye hakujua, ila hakuwa mtu wa kusema hajui. "Asili ni asili, Fundi. Kitu ambacho hakijapita kiwandani."

Timazi akarudi nyumbani akiyapigia hesabu maneno hayo. Chokaa huchomwa tanuruni na huja kwa mfuko. Kwa hiyo si ya asili. Udongo haujachomwa na mtu. Basi ni udongo. Alhamisi akaikwangua chokaa yote ya zamani iliyouzunguka ufa, maana nayo sasa aliiona imekatazwa, akakanda udongo kwa majani makavu na kuujaza mahali pake. Mikono yake ilikataa. Mara mbili aliweka mwiko chini, akautazama udongo ule kwa mashaka, kwani alijua hautashikana na mawe. Lakini barua ni barua, naye aliogopa nyumba isije ikavuliwa hifadhi kwa kosa lake.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Udongo ukalainika na kutiririka ukutani. Asubuhi ya siku ya tatu, Timazi na mkewe wakiwa jikoni upande wa nyuma, walisikia mshindo. Walipotoka, tao lilikuwa limelala kizingitini, mawe na tope. Timazi alisimama mvuani akiyahesabu mawe. Akapata tisa, akaanza upya, akapata kumi na matatu, kwa sababu mengine yalikuwa yamepasuka. Alihesabu tena na tena mpaka mkewe akamshika mkono.

Afisa alifika mchana huohuo. Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika, katibu akiwa miongoni mwao. Afisa akaokota bonge la tope, akalitazama.

"Mzee wangu, udongo huu wa nini?"

"Si ndiyo asili?"

"Asili ya jengo, baba. Vifaa vilevile vilivyolijenga mwanzo. Mawe na chokaa."

Timazi akakaa juu ya jiwe lililolowa. Chokaa aliijua kuliko alivyojua kuandika jina lake. Alitaka kuikasirikia barua, akataka kumkasirikia katibu, lakini hasira zote zilimrudia mwenyewe.

"Neno lile lilinichanganya," akasema kwa sauti ndogo.

"Hata mimi lilinichanganya," afisa akamwambia. "Nilipoanza kazi nilimwuliza mkubwa wangu. Alinicheka kidogo, kisha akanieleza. Jumatano ile nilijua una jambo. Nilisubiri useme."

"Litasimama tena?"

"Litasimama. Mawe mazima tutayarudisha. Ila litakuwa tao lako wewe, mzee wangu. La baba yako ndilo hilo limekwisha."

Timazi alilia mbele ya watu, wala hakujificha. Kisha akaitoa ile barua mfukoni, akamnyooshea binti yule.

"Nieleze, mwanangu. Tangu mwanzo, mstari kwa mstari. Sikuelewa."

Majirani walisikia, katibu akasikia, na hakuna aliyecheka. Aibu aliyoikimbia kwa wiki mbili ilipita kabla afisa hajamaliza mstari wa kwanza, nayo nyumba ikabaki wazi kwa mvua. Kuuliza si ujinga.