Chapati za Maji za Tusekile

Alikuwako mama mmoja, na tafadhali msigeuke kutazamana, maana simsemi mtu wa kanisa hili. Mama huyu alikuwa na binti wa darasa la kwanza aitwaye Tusekile. Alikuwa mchapakazi kweli. Saluni yake ilifunguliwa kabla ya maduka yote ya jirani, na sare za binti yake zilipigwa pasi mpaka soksi. Ila alikuwa na kidonda kimoja kilichokataa kukauka.

Muhula uliopita, siku ya wazazi, Tusekile alisahau shairi katikati. Akasimama mbele ya watu kidole kinywani, macho chini. Kule nyuma Mama Gwamaka, mama wa mtoto mwingine wa darasa hilohilo, akasema kwa sauti ya kutaka kusikika, "Huyo nyumbani hafundishwi." Basi! Neno hilo mama Tusekile alilala nalo, akaamka nalo, akasuka nalo nywele za wateja.

Jumatatu moja Tusekile akaja na karatasi kutoka shule. Mwalimu alikuwa ameandaa siku ya wapishi wadogo. Ijumaa kila mtoto aje na chakula chepesi alichopika na mzazi wake, avae kofia ya mpishi aliyoitengeneza kwa karatasi, kisha asimame awaeleze wenzake alivyopika. Ili wazazi wasihangaike, mwalimu aliandika na mapishi yenyewe, ya chapati za maji: unga wa ngano vikombe viwili, yai moja, sukari vijiko viwili, chumvi kidogo, na maji mpaka uji uwe wa kumiminika. Gundi ya kofia, chemsha unga na maji, isiwe nzito mno. Na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu iliyopigiwa mstari: Mtoto achanganye mwenyewe. Mzazi ashike moto tu.

Jamani, mlitaka mwalimu aseme kwa lugha gani tena?

"Mama, mimi ndiye nitakayevunja yai?" Tusekile aliuliza kabla hata hajavua begi.

"Wewe ndiye, mama'ngu. Kavue sare kwanza."

"Lote?"

"Kwani umeshaona nusu yai?"

Mtoto alicheka hadi akakaa chini. Tangu saa hiyo akaanza mazoezi. Alichukua limau, akaligonga kwenye ukingo wa kikombe taratibu, tak, akajifanya analifungua kwa vidole viwili, akachungulia ndani ya kikombe kuona kama ganda limeingia. Alifanya hivyo Jumatatu, akafanya Jumanne, mpaka limau likalainika kama papai.

Halafu kundi la wazazi la WhatsApp likaamka. Jumanne Mama Gwamaka alituma picha ya kofia ya mwanawe. Siyo ya karatasi, wapendwa. Kitambaa cheupe, kimeshonwa kwa cherehani, jina la mtoto limetariziwa kwa uzi wa kung'aa. Na chini yake maneno, "Mwanangu kajitahidi." Mwanawe ana miaka sita! Fundi wa kutarizi wa miaka sita, na wazazi thelathini na moja, watu wazima wenye akili zao, wakampigia makofi. Jumatano baba mmoja akatuma keki ya ghorofa mbili: "Kijana wangu huyu, hamumtoi jikoni." Hakuna aliyeuliza kijana huyo anaifikiaje meza.

Mama Tusekile alizitazama picha hizo katikati ya kumsuka mteja. Akazitazama tena. Jioni yake akaikunja karatasi ya mwalimu, akaiweka chini ya mtungi wa gesi, akampigia simu mdogo wake aliyesomea upishi wa hoteli.

"Sasa mdogo wangu, chapati za maji nazipelekaje mbele ya keki ya ghorofa? Si nitachekwa?"

"Zitie rangi, dada. Saga bitiruti upate pinki, mchicha upate kijani. Ukishapika zikate kwa mdomo wa glasi, uzipange kama maua. Tena mwagia asali juu."

"Aisee! Safari hii Mama Gwamaka atanitambua."

"Na mtoto je? Si ataulizwa?"

"Mtoto nitamkaririsha."

Tusekile alikuwa palepale kwenye mkeka, anabandika kofia yake.

Alhamisi saa kumi jioni akaja mlangoni mwa jikoni. Amenawa mikono mpaka viwikoni. Kofia ya karatasi iko kichwani, imelalia upande mmoja kama mlevi, na gundi mbichi inamshukia sikioni.

"Nimenawa."

"Subiri kidogo, mama."

"Yai liko wapi?"

"Nimeshalivunja, nilikuwa na haraka. Usiguse! Hiyo ni ya pinki. Tuse, usiguse na hiyo! Hebu toka utanimwagia. Kakae nje pale kwenye ngazi, uhesabu mpaka mia. Nikimaliza nitakuita."

"Mpaka mia?"

"Mpaka mia. Polepole."

Mtoto akaenda. Na mimi nawauliza, mama huyu alikuwa mbaya? Hata! Alikuwa anampenda binti yake kupita maelezo. Alisaga, akachuja, akapika, akakata, jasho linamtoka mpaka mgongo umelowa, na yote hayo ni kwa ajili ya Tusekile. Mapenzi yake yote yalikuwa kwenye kikaango. Aliyependwa yuko nje kwenye ngazi.

Chapati zilitoka, tuseme haki. Pinki, kijani, nyeupe, zimepangwa petali kwa petali, asali inameremeta. Kofia ya karatasi ilibaki nyumbani, ikaazimwa nyingine ya duka la keki. Asubuhi njia nzima ya kwenda shule mama akimkaririsha: "Nilichukua unga vikombe viwili. Nikavunja yai. Sema." Naye Tusekile akisema. Tusiuremberembe, ule ni uongo. Mtoto alikuwa anafundishwa uongo na mtu aliyemshika mkono kwa upendo ili asigongwe na pikipiki.

Ijumaa darasa likajaa. Wazazi walikalishwa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, baba wa keki na kitambi chake katulia asije akaanguka. Mama Gwamaka akanyoosha shingo kuitazama sahani ya Tusekile.

"Hee! Hizi umenunua wapi, shoga?"

"Kununua? Mtoto kapika."

Ladha ya jibu hilo, mama alisema baadaye, ilizidi asali.

Sahani ile ndiyo iliyopendeza kuliko zote, basi mwalimu akamwita Tusekile awe wa kwanza.

"Haya mpishi wetu, tuambie, hizi umezipikaje?"

"Nilichukua unga vikombe viwili," Tusekile akaanza. "Nikavunja... nika..." Kidole kikapanda taratibu kuelekea kinywani. Kule nyuma mama akawaza: Haya, yale yale ya muhula uliopita! Akaanza kumtamkia kwa midomo, yai, yai, nikavunja yai, lakini mtoto hakuwa akitazama huko.

Mwalimu akachuchumaa mbele yake. "Achana na ya kukariri. Nisimulie tu ilivyokuwa jikoni kwenu. Kwanza mnafanya nini?"

Uso wa Tusekile ukafunguka. Hilo alilijua vizuri.

"Kwanza unampigia simu mama mdogo."

Darasa likacheka.

"Halafu?"

"Halafu unasema, safari hii Mama Gwamaka atanitambua."

Darasa zima likaangua kicheko! Baba wa keki akapiga goti lake, kiti kikalia kwaa. Mama Gwamaka naye alikuwa ameshafungua mdomo wa kucheka, akaufunga.

"Enhe, halafu?"

"Halafu unavunja yai wakati mtoto bado ananawa. Halafu unasema usiguse. Unasema moja ya pinki, na moja ya kijani. Halafu unamtoa mtoto nje ili asimwage."

Watu wanafuta machozi kwa kucheka. Mwenyewe mama Tusekile ameinama, amejiziba uso kwa mkoba, anaomba ardhi ifunguke. Mwalimu naye akijitahidi asicheke, anauma mdomo.

"Na wewe, Tuse, ulifanya nini?"

"Mimi nilihesabu. Mama alisema nihesabu mpaka mia, akimaliza ataniita."

"Ukafika mia?"

"Nilifika. Nikaanza tena. Nilifika mara tatu."

"Akakuita?"

Tusekile akamtafuta mama yake kule nyuma, akamwona. Hakumtazama kwa kinyongo wala kwa huzuni. Alimtazama kama mtu anavyochungulia dirishani kuona kama mvua imeshakatika.

"Bado," akasema.

Kicheko kikakatika kama mtu kazima redio. Baba wa keki akainama kutazama viatu vyake. Kwenye mstari pale mbele watoto wengine walikuwa wanangoja zamu zao za kueleza, wana kofia zao za kutariziwa, na kila mzazi akaanza kukumbuka kwake jikoni kulikuwaje.

Mama Tusekile akasimama. Kiti kilimng'ang'ania kiunoni, akasimama nacho, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Tusekile!" akaita. "Tuse, njoo!"

"Abee, mama!"

Mtoto alikimbia akapita katikati ya magoti ya watu wazima wote wale, akamrukia. Mama akambeba, kiti kikadondoka nyuma yake. Kisha akasema, "Mwalimu, sahani ile ni yangu. Iandike jina langu. Ya huyu italetwa Jumatatu."

Na Jumatatu ililetwa. Chapati sita. Mbili zimeungua, moja ina umbo la kiatu, na ndani ya nyingine kulikuwa na kipande cha ganda la yai. Mwalimu alikula akafika penye ganda, akalitoa ulimini, akaliweka pembeni ya sahani kwa heshima, akaendelea.

Sasa sisi.

Mnacheka, na mimi nafurahi mkicheka, lakini tusikimbie. Tunadhani tunawafundisha watoto wetu kila tunapofungua kinywa. Mtoto hajifunzi mapishi tuliyomkaririsha, anajifunza yale aliyoyaona akiwa mlangoni. Hebu mmoja wetu akamwulize mwanawe leo, "Kusali kunafanywaje?" Atakwambia: kwanza unawafokea watoto nyamazeni, halafu unafumba macho, halafu unafumbua jicho moja kuangalia simu. Mwulize, "Kusamehe je?" Atakwambia unampigia simu dada yako unamsimulia yote, unakata, halafu unasema nimeshamsamehe. Ana makosa gani mtoto huyo? Kasema alichoona.

Najua mtanijibu. Mtasema tunafanya kwa ajili yao. Hoja hiyo haisimami, maana tukiwauliza hao "wao," watasema walikuwa nje. Mtasema muda hatuna, maisha magumu. Muda wa kupigia makofi kofia ya mtoto wa jirani tuliupata wapi? Mtoto kuchanganya unga vikombe viwili ni dakika kumi, na kufuta sakafu ni tano. Kinachotushinda siyo muda. Tunaogopa watu wasije wakaona kazi iliyopinda ikiwa na jina letu. Na wengi wetu tuna hofu hiyohiyo mbele za Mungu: tunamletea ibada iliyokatwa kwa mdomo wa glasi, wakati Yeye anatutaka sisi wenyewe, na ganda letu la yai.

Na tusiishie jikoni. Ibada hii imeanza saa tatu. Watoto wetu wako wapi saa hizi? Wako nyuma ya jengo chini ya turubai. Tumewapa wimbo mmoja waimbe kwa sauti ndogo wasitusumbue, tumewaambia ibada ikiisha tutawafuata. Kila Jumapili ibada inaisha, tunawachukua, tunakwenda nyumbani kula. Mtoto anamaliza darasa la saba hajawahi kuona mama yake akipiga magoti. Halafu akifika chuo tunashangaa na kufunga siku tatu: jamani huyu mtoto imani kaiacha wapi? Hajaiacha popote. Hakuwahi kuruhusiwa kuishika.

Mzee wetu uliye pale mlangoni, shikamoo. Naomba ufungue milango yote miwili, uiache wazi. Mchungaji nimeshamwomba ruhusa, ametikisa kichwa, nimechukulia ni ndiyo. Wataingia na vumbi la miguu. Watauliza maswali katikati ya sala. Yuko mmoja atakwenda moja kwa moja kwenye ngoma ya kwaya. Mpiga ngoma, msogelee umpe kijiti. Na wewe mama, wewe baba, usikae kungoja aletwe mpaka kwenye benchi lako. Simama ulipo, umwite wako kwa jina.