Hiari Tatu za Sultani Badru

Palikuwa na Sultani, Badru bin Sefu wa Tambuuni, aliyependa hiari kupita kiasi. Mji mzima ulimchumia karafuu bila ujira, na kila mmoja ilimlazimu kuchuma kwa hiari. Ukikosa hiari, askari walikutia. Juu ya lango la jumba lake alichongesha: HIARI YASHINDA UTUMWA. Wallahi yashinda. Mtumwa angalau hulishwa.

Na palikuwa na mimi, Famau. Msicheke bado, subirini niseme nilichosomea. Nina digrii ya Kihispania. Ndiyo, Kihispania, Tambuuni. Tangu nihitimu nilikuwa nakizungumza na kuku wa mama tu, na kuku walinielewa kuliko waajiri. Mama mwenyewe alishinda kwenye karafuu za Sultani, anachambua hadi vidole vinamvimba. Akirudi, anamkuta msomi kalala kifudifudi, anatafakari.

Basi akaja tajiri wa Kihispania, Don Ruperto, kununua karafuu za msimu ule na za misimu yote ijayo. Sharti lake moja: hanunui jasho la kulazimishwa. Nikaitwa mbio. Nikavaa suti ya mahafali. Ilinibana kwapani, maana njaa haikuninenepesha kitu ila kifua cha kiburi.

"Msomi," akasema Sultani, "utatukalimania."

"Na ujira, Seyyidi?"

"Ujira? Wasomi mnaanza kwa kujitolea. Mnapata ekspiriensi."

Kila ofisi niliyopeleka sivii yangu iliniimbia wimbo huo huo. Kumbe mtunzi wake ndiye huyu.

Don Ruperto akaweka kikombe cha kahawa gotini, akauliza: hawa watu wanachuma libremente, voluntariamente, au de buena gana?

"Anasemaje?"

"Anauliza kama watu wanachuma kwa hiari. Ila kwao hiari ziko tatu, Seyyidi."

"Tatu za nini? Sisi tuna moja na inatutosha. Mwambie zote."

"Hazichanganyiki. Libremente ni hiari ya mlango wazi. Anayetaka kuondoka, anaondoka."

Sultani akautazama mlango. Askari wawili nao wakautazama, kisha wakausogelea.

"Hiyo ruka."

"Voluntariamente: hukuitwa, hukutumwa, umeinuka mwenyewe ukasema, hili nalifanya."

"Yupo mtu wa namna hiyo?"

"Kwenye kamusi, Seyyidi."

"Na ya tatu?"

"De buena gana. Hiyo ni hiari yenye hamu. Mtu anakwenda kazini kama aliyealikwa pilau."

Sultani akalamba midomo. "Hiyo hiyo. Mwambie mji wangu unachuma kama ulioalikwa pilau."

"Mama yangu yumo kwenye mji huo, Seyyidi. Vidole vyake havishiki hata tonge la pilau yenyewe."

Nilijishangaa. Ushujaa ulinitoka kama kwikwi, bila kupanga, na papo hapo suti ikachanika kwapani. Nikabana mkono. Shujaa gani huyu, nusu yake upepo unaingia.

Sultani akaniinamia, sauti laini kama samli. "Sikiliza, mwanangu. Hapa halazimishwi mtu. Ukikubali, mama yako atachuma kwa furaha maisha yake yote. Chagua neno zuri, umwambie kwa hiari yako. La sivyo nakukata ulimi."

Don Ruperto akanigeukia. Kasemaje?

Nikamjibu kwa Kihispania safi, kile cha mtihani wa mwisho, kilichokaa miaka yote kikingoja kuku wapishe. Don Ruperto akaweka kikombe chini. Akamtazama Sultani. Akautazama ulimi wangu. Akachukua kofia yake akatoka, na askari wakampisha, maana hakuna aliyewaambia hiari ya wageni ikoje.

Karafuu zikabaki ghalani. Sultani akanigeukia.

"Umemwambia nini?"

"Aliuliza umesema nini, nikamwambia. 'Chagua neno zuri, umwambie voluntariamente, kwa hiari yako, la sivyo nakukata ulimi.' Sikuongeza, sikupunguza."

"Nani alikutuma utafsiri hilo?"

"Sikutumwa, Seyyidi. Hilo nimejitolea."