Kona ya Buluu

"Nani kagusa chujio la oksijeni?"

Swali hilo liliulizwa mchana, kwenye chumba cha kompyuta cha chuo fulani. Wote walikuwa hoi kwa kukesha na darubini. Na watu waliochoka wakiulizwa mkosaji ni nani, hawatafuti ukweli. Wanatafuta pa kuangalia. Macho ya chumba kizima yakamwendea binti mmoja.

Nisikilizeni, ndugu zangu, hata ninyi mlioanza kusinzia. Binti huyu alikuwa katika chama cha wanafunzi wanaopiga picha za anga. Walikuwa wameelekeza darubini yao kwenye wingu la gesi, huko mbali ambako jicho halifiki. Kamera yao haikujua rangi, ilitoa kijivu tu. Kwa hiyo walipiga picha tatu, kila moja kwa chujio lake: moja la kupitisha mwanga wa hidrojeni peke yake, jingine wa salfa, jingine wa oksijeni. Kisha kwenye kompyuta kila picha ikapewa rangi. Salfa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu. Ukizilaza moja juu ya nyingine, kile kijivu kinageuka kitenge kipya.

Picha hiyo ingetundikwa kwenye ukumbi wa maktaba na majina ya walioitengeneza chini yake, na mkuu wa idara alikwisha kusema kwamba kutoka kwenye majina hayo atachagua msaidizi wake, ambaye masomo yake hulipiwa na chuo. Binti aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Kwao hapakuwa na mwingine wa kumlipia masomo ya mbele.

Mwenyekiti wa chama alijichukulia hidrojeni, maana ina mwanga mwingi, haimtesi mtu. Rafiki yake akachukua salfa, nayo ilionekana vizuri. Binti akaachiwa oksijeni. Kwenye wingu lile oksijeni ilikuwa hafifu, kama mtu anayenong'ona sokoni. Ili ionekane mbele ya wenzake, mwanga wake ilibidi ukuzwe, ukuzwe tena. Wenyewe husema "kuivuta". Binti aliivuta mpaka macho yakamuwasha kama aliyekuwa akimenya vitunguu vya harusi.

Picha zilipounganishwa, wingu likatokea, zuri ajabu. Ila kwenye kona ya chini palikuwa na doa la buluu, kama wino uliomwagika.

Buluu ni ya nani? Hapo huhitaji digrii. Buluu ni oksijeni, na oksijeni ni ya binti.

"Dada, ulilishika lile chujio na vidole vya mafuta," mwenyekiti akasema. "Sema tu. Chapati ilikuwa tamu?"

Wakacheka.

"Sijalishika, kaka. Tufunike kamera na kifuniko chake, tupige hivyo hivyo, mwanga usiingie. Doa likitokea gizani, basi linatoka ndani ya kamera yenyewe."

"Jamani, mnamsikia? Picha ya giza!" Yule wa salfa akapiga meza. "Giza si tunalo la bure kila umeme ukikatika?"

"Ndivyo inavyofanywa, kabla hujamlaumu mtu."

"Kamera ni yangu," mwenyekiti akasema, na safari hii hakucheka. "Mpya. Haina tatizo. Mwenye tatizo tunamwona kwa rangi yake."

Jina lake likafutwa. Je, hakuweza kubishana? Aliweza. Lakini alikuwa amechoka ule uchovu usioondoka kwa kulala, uchovu wa kusema kweli ukaambiwa unajitetea. Akachukua mkoba wake akaondoka. Hakuna aliyemfuata hata mpaka mlangoni.

Muda ukapita. Siku moja akaingia maktaba kurudisha kitabu, akaikuta picha ukutani, majina mawili chini yake. Akajizuia asiitazame kona. Akaitazama.

Kona ilikuwa safi.

Mwanzoni alidhani wamepaka rangi juu ya doa. Akasogea karibu. La. Nyuzi nyembamba za buluu zilipita pale bila kukatika, zile zile alizozivuta yeye. Huwezi kupaka rangi ukalifuta doa, ukaziacha nyuzi. Njia ni kufunika kamera, kupiga giza, doa likajitokeza peke yake, kisha ukaliondoa kwenye picha zote tatu. Zote tatu, ndugu zangu! Kwa sababu doa lilikuwemo kwenye hidrojeni ya mwenyekiti, na kwenye salfa ya rafiki yake, kiasi kile kile. Lao halikuonekana kwa kuwa picha zao hazikuhitaji kuvutwa.

Basi walijua. Walifunika, wakaona, wakajua. Wakaitengeneza picha, wakapigiwa makofi. Yeye hakupata hata ujumbe wa simu.

Mama mmoja mkutubi akamwona amesimama pale. "Mbona machozi, mwanangu? Picha nzuri hii."

"Nzuri, mama," akajibu. "Wameisafisha vizuri sana."

Mnadhani hadithi hii ni ya nyota? Geukeni muitazame safu ya pili ya kwaya yetu. Pana pengo pale, nasi tumezoea kuliruka kwa macho. Tulimsimamisha dada yetu hapa mbele, tukamvua joho la kwaya, kwa kuwa tumbo lake lilionekana. Tukasema mwenye tatizo tunamwona. Baadaye wakubwa walijifungia, wakaulizana, mwanamume akajulikana, akaonywa taratibu, na hajakosa Jumapili hata moja mahali pake. Tukaambiana, "Limekwisha." Limekwisha kwa nani?

Simtaji. Sikuja kuhamisha kidole kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kidole chenyewe kimechoka. Nauliza kuhusu sisi. Sisi tuliokaa kimya siku ile tukitazama viatu vyetu, ni safi? Au ni kwamba hakuna aliyewahi kutuvuta tukaonekana? Tunasafisha jina la kanisa, tunasafisha taarifa, tunasafisha kona. Mtu tunamwacha nje, halafu tunamwombea kwa mbali, eti Bwana amrudishe. Bwana siye aliyemtoa.

Mtoto amekwisha kuzaliwa. Wanakaa kwa shangazi yake, nyuma ya matanuri ya matofali. Ni mwendo mfupi, hata kwa waliochoka. Tukimaliza sala ya mwisho, msitawanyike. Naomba twende wote, tukamwombe radhi, tumuulize kama bado anataka kuimba.