Dirisha la Bi Mize

Bwana Badawi alikuwa na nyumba ya udongo, na Bi Mize, mpangaji wake, alikuwa na joto. Dirisha lake lilipigiliwa misumari, ati mvua ikiingia inamomonyoa ukuta.

"Weka upenu wa bati, bwana wangu," Bi Mize alisema. "Mvua itaishia nje, upepo utaingia."

"Bati unanunua wewe? Ukishindwa na joto, hama."

Ijumaa Bi Mize akawasomeshea wazee wake waliofariki hitima chumbani humo, akamwalika mwenye nyumba. Kwa heshima akaketishwa ndani kabisa, chini ya dirisha, na joho lake, sisi watu ishirini tukiwa tumejaa hadi mlangoni.

Dua niliiomba mimi. Bi Mize alinipa karatasi ndefu ya majina ya marehemu. Mungu anisamehe, sikuuliza kitu, nilikuwa nimeshasikia harufu ya pilau.

Jina la arobaini, Bwana Badawi alivua joho. La sitini, alijipepea kwa kofia.

"Sheikh, wamebaki wangapi?"

"Tumemaliza upande wa mama."

Kutoka kabla dua haijafungwa ni aibu. Akaita kwa sauti, "Bi Mize, mbele ya hawa wote, kesho naleta bati la upenu. Ng'oeni misumari sasa hivi."

Dirisha likafunguliwa, upepo ukaingia. Nikaona si vizuri kuikatisha dua, nikaendelea.

"Na marehemu Vuai bin Haji."

"Naam," akaitikia mumewe Bi Mize, aliyekuwa uani akipakua pilau.